Vidole vya Baba Mkwe

Nilidhani ni mimi peke yangu niliyejua kwamba vidole vya baba mkwe vimekufa. Nilijua, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu nikakuita heshima. Mtaani wanasema yaliyompata ni ajali. Ajali humwangukia mtu bila taarifa. Hili letu lilibisha hodi miezi mitatu mfululizo, na kila lilipobisha mimi nilijifanya nimelala.

Baba mkwe alikuwa na karakana ya kusafisha magari. Sisemi ile kazi ya kulimwagia gari povu, kulifuta na kulisukuma nje. Kwetu gari liliingia asubuhi ya leo likatoka jioni ya kesho, viti vimeng'olewa, mazulia yameanikwa, mpaka mashimo ya skrubu yamepitishwa mswaki. Jengo lenyewe lilikuwa refu, la mabati, lenye sakafu ya saruji na mfereji katikati, na rafu za chupa ukuta mzima. Pembeni palikuwa na chumba kidogo chenye cherehani. Humo alikaa mke wangu akishona viti vilivyopasuka. Mke wangu ni mtoto wake wa pekee. Tulikuwa watatu tu pale: baba, binti, na mimi niliyeingia kwa mlango wa ndoa.

Dawa tuliyoishi nayo ni ile inayoitwa ya kazi zote. Inakuja kwenye dumu, nzito, ya kijani, ina harufu ya limau ambalo halijawahi kuota mtini. Unaizimua kwa maji kulingana na kazi: kali kwa matairi na injini yenye grisi ya miaka, ya kati kwa mazulia na kingo za milango, nyepesi kwa plastiki za ndani. Isiyozimuliwa kabisa tunaiita mbichi, na mbichi haiguswi. Kazi zote inaziweza, hilo ni kweli. Lakini vitu vyote haivipendi. Ngozi inaikausha mpaka inapasuka kama kisigino. Nta ya rangi inaivua. Skrini inaitia ukungu. Alumini tupu, isiyopakwa kitu, inaipa weupe usiotoka tena. Na ukiiacha ikauke juani juu ya bodi yenye joto, inaandika jina lake hapo, na mwenye gari atalisoma kila asubuhi.

Kwa hiyo kazi yetu yote ilisimama juu ya kipimo, na kipimo cha baba mkwe kilikuwa mkononi mwake. Hakutumia chombo. Alimimina dawa kwenye ndoo ya maji, akakoroga, akachovya kidole cha shahada na gumba, kisha akavisugua pamoja karibu na sikio kana kwamba vinamnong'oneza.

"Ikiteleza kama konokono, ya magurudumu," aliniambia siku ya kwanza. "Ikiteleza kama mate, mazulia. Ikiteleza kama jasho la shingoni, hiyo ndiyo ya ndani. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Hujasikia. Baada ya miaka kumi ndiyo utasikia."

Kisha, kwa vidole vilevile, akajipangusa jasho la usoni. Hiyo ilikuwa desturi yake: kuchovya, kusugua, kusikiliza, kujipangusa. Mtaa mzima ulimwita Vidole. Fundi rangi wa jirani alipopita mlangoni hakuacha kumtania: "Vidole, nisikilizie na sufuria yangu, chumvi imekolea?" Naye alijibu: "Lete mke aliyepika, nimsikilize yeye." Wakacheka, siku ikaanza.

Mimi nilitoka karakana kubwa ya upande wa pili wa mji, na nilikuja na kikombe changu cha plastiki chenye mistari. Moja kwa nne, moja kwa kumi, moja kwa ishirini. Unamimina, unasoma mstari, basi. Baba mkwe alikigeuzageuza mwangani.

"Hiki nini?"

"Kipimo, baba. Cha dawa."

"Aa. Na mama yako alipokuwa anakupikia, chumvi aliipima kwa rula?"

Mke wangu akacheka kule kwenye cherehani. "Baba, mwache mgeni wa watu."

"Nimemkataza? Anywe chai nacho."

Akakitundika kwenye msumari kando ya kioo, kila mteja akione. Tangu siku hiyo jina langu likawa Kikombe.

Sasa, mimi si mtu wa kunyamaza. Ulizeni mahali nilipofanya kazi; nimefukuzwa mara mbili kwa sababu ya mdomo, na mara zote mbili nilikuwa na haki. Lakini mbele ya baba mkwe ulimi wangu ulikaa chini na kukunja miguu. Huyu ni mtu aliyenipa binti yake, akanipa na kazi nilipokuwa sina, asiulize hata mara moja kwa nini sina. Nitamwambiaje kwamba kitu ambacho mtaa mzima umempa kuwa jina hakipo tena?

Hodi ya kwanza ilibishwa na gari la mwalimu mkuu. Lilikuwa na ukanda wa alumini kuzunguka madirisha, na baba mkwe ndiye aliyelisafisha nje. Siku mbili baadaye mwalimu alirudi, akasimama mlangoni na miwani yake mikononi.

"Fundi Vidole, nilikuletea gari zima. Umenirudishia gari lenye mtoto wa jicho."

Tukatoka kutazama. Kila mahali dawa ilipotiririka kwenye ule ukanda palikuwa na michirizi myeupe, ya maziwa, iliyoshuka kutoka kona za madirisha. Nilisugua kwa kucha. Haikutoka. Ile haikuwa juu ya chuma. Ilikuwa ndani yake.

"Maji ya bomba siku hizi yana chokaa, mwalimu," alisema baba mkwe. "Tutalishughulikia."

Nilimtazama. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba alumini tupu hupewa sabuni ya kawaida na si kitu kingine. Kama alipitisha dawa hapo, alipitisha akiamini ni ile ya jasho la shingoni. Lakini iliyoweza kuchora vile ilikuwa konokono, tena konokono mnene.

Hodi ya pili ilikuja saa nne asubuhi, wakati wa chai. Tulikaa watatu kwenye benchi la chumba cha cherehani. Baba mkwe alikuwa ametoka kumshikia binti yake kitambaa cha kiti wakati akikikaza. Akachukua kikombe cha chai, akapuliza, akanywa, akaanza hadithi ya dereva wa lori aliyetaka kunguni wake waoshwe bila kuuawa. Alipoinua kikombe mara ya pili nikaiona. Sindano ya kushonea ngozi, ile nene yenye pembe tatu, ilikuwa imesimama katika nyama ya gumba lake. Imeingia nusu. Ilitikisika kila alipocheka.

Mke wangu naye aliiona. Macho yetu yakakutana juu ya birika. Akainuka, akamshika baba yake mkono kama anayeutania, akasema, "Baba na hadithi zako," na kwa vidole viwili akaivuta ile sindano, akaificha kwenye kanga yake. Baba mkwe aliendelea na dereva na kunguni. Tone moja la damu likashuka kwenye mkono wa kikombe, naye akaendelea.

Jioni, njiani, nikamwambia mke wangu, "Lazima aambiwe."

"Aambiwe na nani? Na wewe?"

"Mimi ni mkwe."

"Basi nyamaza. Nitamwambia mimi, nikipata mahali."

Wiki zikapita, hakupata mahali. Mimi sikumlaumu. Ningemlaumu na mdomo gani?

Badala ya kusema, nikafanya ujanja, na ujanja huo nauona kila nikifumba macho. Nilichora mstari mdogo kwenye dumu kwa kalamu ya wino mzito, nikaona kwa wiki moja dawa inashuka kuliko zamani ilivyoshuka kwa mbili. Alikuwa anamimina, anasugua vidole, havimwambii kitu, anaongeza. Anasugua tena, anaongeza. Kisha anaijaza kwenye chupa za kupulizia: zenye kifuniko chekundu za nje, zenye kifuniko cheupe za ndani. Basi mimi, kila asubuhi alipotoka kupokea gari la kwanza, nilikitoa kikombe changu msumarini, nikamwaga nusu ya kila chupa nyeupe kwenye mfereji, nikaongeza maji mpaka shingoni. Niliusoma ule mstari wa moja kwa kumi kama mtu anayesoma dua. Nikakifuta kikombe, nikakirudisha. Magari yakaacha kuharibika. Viti vya ngozi vikarudi kuwa laini. Nilijiona nimeiokoa nyumba nzima bila mtu kuvunjiwa heshima.

Asubuhi moja alisimama mbele ya kioo, akakigusa kikombe.

"Kikombe, nani anakunywa chai na hiki?"

"Hakuna, baba."

"Mbona kina maji?"

"Labda umande, baba."

"Ndani ya nyumba." Akanitazama kwa muda. Halafu akacheka kidogo, akaenda zake.

Nilichosahau ni kwamba mtu aliyesafisha magari miaka thelathini hahitaji vidole ili kuona doa limekataa kutoka. Chupa zangu zilizopoa zilipita kwenye zulia lenye mafuta, nalo likabaki vilevile. Akapuliza tena, akasugua, likabaki.

"Dawa ya siku hizi imelegea," akasema.

Akaongeza kwenye ndoo. Mimi nikaongeza maji. Akaongeza zaidi, nami nikamwaga zaidi. Tukafanya hivyo kama watu wawili wanaovuta kamba gizani, kila mmoja akidhani upande wa pili ni mti. Mwisho akampigia simu muuza dawa, akamtukana mpaka fundi rangi akaja mlangoni kusikiliza.

"Unatia maji kwenye dumu! Mimi unanifanya mtoto? Mimi? Nakuambia mtu anatia maji, namjua mtu anayetia maji!"

Nilikuwa nimeinama ndani ya gari, nikifuta reli ya kiti. Nilibaki nimeinama hivyo muda mrefu.

Muuza dawa, kwa kuudhika, akaleta dumu jingine, jeusi, dogo kuliko la kwanza. "Hii ni ya mitambo ya kiwandani," akasema. "Fundi, hii haina mchezo. Soma lebo kwanza."

"Lebo ni ya mtu asiyejua anachoshika," akajibu baba mkwe. Akaibandua kwa kisu kwa sababu alitaka kuimimina dawa ile kwenye dumu la zamani, lenye koki nzuri. Lebo ikaanguka kwenye mfereji. Niliiokota alipogeuka. Ilikuwa ya nailoni, haikulowa. Ilikuwa na picha mbili: mkono unaoliwa na tone, na jicho. Chini imeandikwa: usitumie bila kuzimua, vaa glavu na miwani, ikiingia machoni osha kwa maji mengi papo hapo na umwone daktari. Nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni mwa ovaroli. Nikasema moyoni, nitamwonyesha. Wiki tatu ilikaa humo, nikifua ovaroli naitoa, ovaroli ikikauka nairudisha.

Mke wangu alinikamata siku ya gari la mfamasia.

Lilikuwa gari dogo jeupe, amelinunua kwa mtu aliyevuta sigara humo miaka mingi, na dari lake la kitambaa lilikuwa njano kama meno ya mzee. Mfamasia alituachia ufunguo na namba yake ya simu akaenda dukani kwake. Tulikubaliana baba mkwe achukue magurudumu, mimi nichukue dari. Dari lina adabu yake. Halipuliziwi. Nyuma ya kile kitambaa kuna gundi, na gundi ikilowa kitambaa kinashuka kama tumbo la ng'ombe. Unapuliza kwenye taulo, dawa nyepesi kabisa, na unaligusa dari kwa taulo hilo bila kusugua. Baba mkwe mwenyewe ndiye alikuwa akisema: "Dari hupigwa busu."

Nilikuwa mbele ya mfereji, kikombe mkononi na chupa nyeupe iliyofunguliwa, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Kumbe."

Mke wangu alisimama na mkasi wake.

"Tangu lini?"

"Tangu sindano."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Baba yangu anamtukana mtu wa watu kwenye simu, anamwita mwizi, mtaa unasikia. Na mwizi mwenyewe nakula naye sahani moja."

"Ningefanyaje? Ungemwambia wewe, nisingefika hapa."

"Ndiyo. Ningemwambia." Akameza mate. "Basi namwambia leo. Saa ya chai. Wewe acha hiyo chupa. Usitie hata tone. Sitaki nimwambie ukweli kwenye nyumba ambayo bado inamdanganya. Niahidi."

"Dawa ya sasa ni ile ya dumu jeusi. Niache nizimue hii tu, halafu..."

"Niahidi, mume wangu."

Nikaahidi. Nikafunga chupa, nikairudisha rafuni kama alivyoijaza baba yake. Saa ilikuwa mbili na nusu. Chai ni saa nne. Dari ni langu, nikajiambia, na dari nitalianza baada ya chai, nikishazimua mbele ya baba mkwe, mchana kweupe. Saa moja na nusu tu. Nikatoa mazulia nje, nikawasha mashine ya maji ya presha, na mashine ile ikiwaka husikii hata jina lako.

Baba mkwe alimaliza magurudumu mapema. Haya niliyajua baadaye. Aliona dari bado, akaona chupa nyeupe rafuni, akaingia. Viti vilikuwa vimeshatolewa, kwa hiyo alilala chali kwenye sakafu ya gari, miguu nje ya mlango. Hakuchukua taulo. Alipuliza moja kwa moja, juu, usoni pa dari, mara nyingi, na dawa ile iliyokaribia kuwa mbichi ikafanya alichotaka: njano ikayeyuka na kuanza kushuka.

Nilizima mashine kubadilisha zulia, na katika ule ukimya nikasikia visigino vyake vikigonga bodi. Gonga, gonga, gonga, kwa mpangilio, kama mtu anayeomba afunguliwe. Hakupiga kelele. Nilipofika mlangoni mwa gari alikuwa ameketi, kichwa kimeinama, na anajipangusa macho kwa vidole. Vidole vilikuwa vinang'aa. Vimelowa mpaka kwenye kiganja, na vilikuwa vinateleza kwenye kope zake, na yeye alikuwa anapangusa, anapangusa, akiamini anaitoa.

"Baba, acha! Baba, mikono!"

"Ni sabuni tu," akasema. "Sabuni ya ndani. Nipe kitambaa."

"Toa mikono!"

Ilibidi nimshike kwa nguvu. Sijawahi kumgusa hivyo mtu anayeitwa baba. Nilimbana viganja nyuma, nikamkokota mpaka bombani, nikamlaza kwenye saruji, nikafungua maji ya mpira yakamwagika juu ya macho yake, taratibu, huku nikiyafumbua kwa nguvu kwa vidole vyangu. Vidole vyangu viliungua. Vyangu vilisikia. Ndipo akaanza kupiga kelele, na kelele ile sitaiandika.

Mke wangu alitoka mbio, akaona, na hakulia. Alichukua simu, akatafuta ile namba ya mfamasia, akaweka sauti juu.

"Maji," alisema mfamasia. "Msiache. Nusu saa nzima, hata akiwapiga. Naita gari la wagonjwa. Ni dawa gani? Nahitaji jina. Nisomeeni lebo."

"Haina lebo," akasema mke wangu. "Baba aliitoa. Dumu ni..."

Nilitoa mkono mmoja kwenye maji, nikauingiza mfukoni, nikampa.

Aliipokea. Akaitazama mikunjo yake, ile minne, iliyokwisha kuwa myeupe kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Aliniangalia mara moja tu. Kisha akaisoma kwenye simu tangu mwanzo hadi mwisho, jina, namba, onyo, mpaka mahali paliposema papo hapo, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayesoma orodha ya watu waliofaulu.

Hospitalini walimwosha tena kwa saa mbili. Daktari alikuwa kijana wa umri wangu, na alitutoa kwenye korido kutueleza. Jicho la kulia limeingiwa na weupe. Alipolieleza niliona ule ukanda wa alumini, michirizi ya maziwa iliyokataa kucha yangu. La kushoto wangesubiri; akiona mwanga baada ya bandeji, tushukuru. Halafu akauliza, "Mzee ana sukari muda gani?"

"Sukari gani?" mke wangu akauliza.

"Nimemchoma vidole na nyayo kwa pini. Hasikii. Hii ina miaka. Hamkuona kitu nyumbani?"



Siku ya tatu, asubuhi, tuliingia wodini pamoja. Alikuwa ameegemea mito, bandeji nyeupe macho yote mawili, mikono juu ya shuka. Dirisha lilikuwa wazi na jua limemfika kifuani. Nadhani alisikia viatu.

"Kaeni," akasema.

Tukakaa, mmoja huku, mmoja huku.

"Ile sindano niliiona," akasema baba mkwe. "Mlidhani sikuiona? Niliiona inavutwa. Nikasema, ngoja nione nani atasema." Akapumua. "Hakuna aliyesema. Nikasema, sawa. Vidole vimekwenda, macho yapo. Nitaona doa likitoka, nitajua dawa imefika. Ndiyo maana nikapuliza juu. Kwenye taulo sioni kitu."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia. Tulisikia ufagio mpaka ukafika mwisho wa ukuta na kugeuka.

Baba mkwe akainua mkono wa kulia, akaunyoosha hewani, ukapapasa mpaka ukafika usoni kwangu. Aliupitisha kwenye paji, kwenye pua, kwenye shavu lililolowa. Alikwenda polepole, na kwenye midomo yake niliona anajitahidi. Akarudisha vidole vyake, akakisugua cha shahada na gumba karibu na sikio, akasikiliza kama alivyokuwa akisikiliza miaka yote. Akasikiliza sana. Kisha akaurudisha mkono shavuni kwangu.

"Huyu ni nani?" akauliza. "Mwanangu, au mkwe wangu? Semeni. Mtu aseme neno."

Mke wangu alinitazama kutoka ng'ambo ya kitanda.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Kikombe. Nilikuwa natia maji kwenye chupa zako. Miezi mitatu. Siku ile moja sikutia."

Mkono wake ulibaki palepale shavuni. Haukunibana, haukunisukuma. Niliketi, sijui kama amenishika au amesahau kuutoa, na yeye, kwa jinsi alivyokigeuza kichwa chake kilichofungwa bandeji huku na huku, hakujua kama bado ananigusa.